Nimetoa kompresa ya klima, sasa mkanda unalia na moteri inapata moto: mpangilio upi wa puli ndio sahihi?

Dereva wa Sake (Goma)

Wakubwa wa moteri, jambo.

Gari ni minibasi ya dizeli inayofanya Goma–Sake, siku nyingine inapanda kuelekea Masisi. Kompresa ya klima (kiyoyozi) ilikwama, puli yake (gurudumu la mkanda) ikaanza kuunguza mkanda, kuruwa tunavyoita hapa. Kwa hali ya hewa ya Goma klima si ya lazima, basi tukaitoa kompresa pamoja na supoti yake.

Mkanda wa zamani ulikuwa 6PK2050 (mbavu 6, urefu milimita 2,050). Ukisimama mbele ya moteri, ulitoka vilibreke (mhimili mkuu wa moteri) chini, ukaenda kushoto kwa kompresa, ukapanda hadi alternateri (jenereta ya umeme) juu kushoto, ukashuka ukapita chini ya pompa ya maji iliyo katikati, ukapanda tena kwa pompa ya direksyo (usukani) kulia, ukateremka kwa tandeuri ya springi (kikaza mkanda) na kurudi vilibreke. Feni imefungwa juu ya pompa ya maji.

Fundi alinunua 6PK1885 pale Birere, mtaa wa maduka hapa Goma. Haukutosha kuzunguka chini ya pompa ya maji, kwa hiyo akaupitisha juu yake, kutoka alternateri moja kwa moja hadi direksyo. Moteri inawaka, lakini asubuhi ukiwasha taa kubwa mkanda unapiga yowe, taa ya betri inapepesa, na kwenye mlima sindano ya joto inakaribia alama nyekundu. Puli ya pompa ya maji ni laini, haina mifereji. Sasa imechorwa mistari sita inayong'aa, na unga mweusi wa mpira umejaa pande zote.

Nikaze zaidi? Nibadili tandeuri? Au mpangilio wenyewe ndio umekosewa?

---

Fundi Kadutu (Bukavu)

Ndugu dereva, usiipandishe tena gari hiyo mlimani kabla ya kurekebisha. Mpangilio ndio umekosewa, na ile mistari sita uliyoiona ndiyo ushahidi wote.

Mkanda wa PK una pande mbili: upande wa mbavu na upande wa mgongo. Kila puli inayoguswa na mbavu inazunguka upande uleule wa vilibreke. Kila puli inayoguswa na mgongo inazunguka kinyume cha vilibreke. Hakuna zaidi ya hapo. Ukishika hilo unaweza kusoma moteri yoyote. Pompa yako ilikuwa inaguswa na mgongo, ndiyo maana kiwanda kiliipa puli laini. Sasa inaguswa na mbavu. Maana yake inazungushwa kinyumenyume.

Pompa ya maji ikirudi nyuma haisimami kabisa kusukuma, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mapanga yake yamepindwa kwa mwelekeo mmoja. Ukiyazungusha kinyume bado yanatikisa maji na kusukuma kidogo. Kwenye tambarare sindano inakaa mahali pake na unadhani mambo ni sawa. Kwenye mlima, mzigo ukiwa mzito na mwendo mdogo, maji hayapiti ya kutosha.

Kwako kuna baya zaidi, kwa sababu feni iko juu ya pompa. Feni nayo inarudi nyuma, inasukuma upepo kwenda mbele badala ya kuuvuta kupitia radiateri. Jaribu hivi: moteri ikiwa ya moto na gari imesimama, weka karatasi moja nyepesi mbele ya grili. Feni ikiwa sawa, karatasi inanata kwenye grili. Ikisukumwa mbali na grili, umepata jibu.

Tazama pia feni imefungwa kwa namna gani. Kama ni bulo (bolti) nne ndogo kwenye flanji, afadhali. Kama ni nati moja kubwa ya katikati, uzi wake umechongwa ili mzunguko wa kawaida uikaze. Ukizungusha kinyume, unaifungua kidogo kidogo kila unapokanyaga pedali ya mafuta, na siku ikitoka feni nzima inaingia ndani ya radiateri.

Kukaza zaidi hakutasaidia. Utaua rulma (beringi) za alternateri na za pompa, na moto utabaki palepale.

---

Moteri Katuba (Lubumbashi)

Fundi Kadutu amesema la kwanza. Mimi naongeza kuhusu yowe na taa ya betri, kwa sababu chanzo ni kilekile lakini kinafanya kazi kwa njia nyingine.

Mkanda unashika puli kwa kuikumbatia. Alternateri ina puli ndogo kuliko zote na inadai nguvu nyingi, hasa asubuhi, betri imechoka na taa zimewaka. Kanuni ninayofanyia kazi: alternateri isikumbatiwe chini ya nyuzi 120 (theluthi ya duara). Nimechora maelezo yako kwenye karatasi. Mkanda ukipita juu ya pompa, alternateri inabaki na kama nyuzi 105, direksyo kama 90, na pompa yenyewe inalambwa tu, pengine nyuzi 10 au 15. Kwa hiyo pompa inarudi nyuma na wakati huohuo inateleza. Mbavu juu ya puli laini, kwa mguso mdogo namna hiyo, zinasagika. Huo ndio unga mweusi.

Sasa jambo zuri. Ukipitisha mkanda chini ya pompa kama zamani, ukaruka tu pale kompresa ilipokuwa, alternateri inapata kama nyuzi 140. Hiyo inazidi hata ya zamani, kwa sababu mkanda unaifikia kutoka katikati ya chini badala ya kupanda wima kutoka kwa kompresa. Vilibreke nayo inakumbatiwa zaidi. Kwa hiyo mkanda mfupi si kosa. Kosa ni kwamba uliletwa mfupi mno, kisha njia ikabadilishwa ili imfae mkanda.

Urefu unapimwaje? Usipime kwa kamba. Kamba inazama kwenye mifereji au inapanda juu yake, na katika mzunguko mzima kila milimita 1 ya kosa la kina inazaa zaidi ya milimita 6 za urefu. Chukua mkanda wako wa zamani wa 2050, ukate mahali pamoja kwa kisu, upate utepe mrefu. Upitishe katika njia sahihi, mbavu zikae ndani ya mifereji. Mwenzako ashike mkono wa tandeuri katikati ya safari yake, usiwe mwanzo wala mwisho. Vuta utepe ukaze, weka alama ya chaki pale ncha zinapopishana, utoe, uulaze chini umenyooka na upime kwa mita ya chuma. Namba hiyo ndiyo unayoinunua. 6PK maana yake ni mbavu 6, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Kwa vipimo vyako nakadiria utaangukia karibu na 1940, lakini usinunue kwa makadirio yangu.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama moteri yako iliwahi kuuzwa bila klima. Zipo nyingi. Akiwa na namba ya shasi, katalogi itakupa mkanda uliopangwa na kiwanda kwa gari lisilo na klima, pamoja na mchoro wake. Hilo linashinda hesabu zetu sote hapa.

Na tazama nyuma ya alternateri yako. Dizeli nyingi, kama Toyota 3L, zina pompa ndogo ya kufyonza hewa iliyofungwa mgongoni mwa alternateri, na mpira wake unaenda kwenye sevo ya breki (kisaidizi cha breki). Kama unao, basi mkanda unaoteleza unakula betri na breki kwa pamoja. Mkanda ukikatika mteremkoni, pedali inakuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyaga mara mbili tatu.

---

Mama Rulma (Goma)

Baba dereva, kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja. Mlisema kompresa "ilikwama". Ilikwama wapi? Kama ni mwili wa ndani uliokwama, hamkuwa na haja ya kuitoa kabisa. Puli ya kompresa yenye embreaji (klachi) inazunguka juu ya rulma yake yenyewe. Umeme usipofika kwenye embreaji, puli inazunguka bure na mhimili wa ndani umesimama. Ukichomoa waya mmoja, mkanda wa 2050 unabaki, njia inabaki, tandeuri inabaki.

Mara nyingi kinachounguza mkanda ni rulma hiyo ya puli, na kompresa inasingiziwa. Rulma inabadilishwa peke yake: unafungua nati ya mbele, unatoa sahani ya embreaji na virondeli (washa) vyembamba vilivyo nyuma yake (usivipoteze), unatoa sirklipsi (pete ya kufungia), unavuta puli, unasukuma rulma kwa presi. Nyingi ni 35×55×20 au 30×55×23, lakini pima yako kwa kaliba, na uangalie upana, kwa sababu milimita 3 za upana zinakutoa nje ya mstari. Kama huhitaji klima tena, usirudishe sahani ya embreaji. Puli inabaki ikizunguka bure daima.

Tahadhari moja: kompresa za kisasa zisizo na embreaji, ambazo puli inauzungusha mhimili muda wote, haziwezi kufanyiwa hivi. Shika puli kwa mkono, mkanda ukiwa umetoka. Ikizunguka bila sahani ya mbele kuzunguka nayo, una embreaji.

Kama mwili umeshauzwa na supoti mnayo, njia nyingine ni gale (puli ya kuongoza mkanda tu, inayozunguka bure). Fungeni gale mahali pa kompresa juu ya supoti ileile. Hapo mkanda unaguswa kwa mbavu, kwa hiyo gale iwe ya mifereji 6, na kipenyo kiwe sawa na cha puli ya kompresa ili mkanda wa 2050 ufae. Gale ndogo ya milimita 60 inawezekana, ila mtalazimika kuisogeza nje, na itakimbia sana: puli ya vilibreke ya milimita 150 kwenye mizunguko 4,000 inaisukuma gale hiyo hadi 10,000. Tumia rulma yenye mpira pande zote mbili, kwa mfano 6203-2RS, ambayo ni 17×40×12. Ile yenye kifuniko cha bati tu haifai hapa Goma. Kokoto zetu za volkano zinasagika kuwa mchanga mkali mweusi, unaingia kwenye bati na ndani ya muda mfupi rulma inaimba.

---

Fundi Kadutu (Bukavu)

Mama Rulma amesema vema, na kama kompresa bado iko pale garaji, ningeanza na njia yake.

Kama haiko, kuna kitu ambacho mafundi wanakisahau wakitoa supoti: bulo. Supoti ya kompresa mara nyingi inashirikiana bulo na alternateri au na mguu wa moteri. Ukitoa supoti yenye unene wa milimita 12 na ukarudisha bulo ileile, bulo inafika mwisho wa tundu kabla ya kukaza. Mkono unahisi imekaza, kumbe alternateri inacheza. Halafu mkanda unalia na watu wanalaumu tandeuri. Pima kina cha tundu, tafuta bulo fupi zaidi au weka kipande cha bomba chenye unene uleule wa supoti. Na matundu yaliyobaki wazi yazibwe kwa bulo fupi na gundi ya kuzibia, kwa sababu katika moteri nyingine yanafika kwenye njia ya mafuta au ya maji.

Halafu mstari. Weka rula ya chuma kwenye uso wa puli moja hadi nyingine. Kosa lisizidi milimita 1 kwa kila sentimita 20 za umbali. Likizidi, rekebisha kwa rondeli nyuma ya alternateri. Usipinde kitu.

---

Dereva wa Sake (Goma)

Aksanti sana wakubwa. Karatasi ilisukumwa mbali na grili, kama mlivyosema. Feni ni ya bulo nne. Kompresa haiko tena, supoti pia. Nyuma ya alternateri kuna ule mpira wa breki.

Nimekata mkanda wa zamani na kupima: milimita 1,937. Dukani kuna 1930 na 1940. Nichukue upi? Pia nimeona kwamba kutoka vilibreke hadi alternateri mkanda utapita karibu na mpira wa chini wa radiateri, umbali wa milimita 8 hivi.

---

Moteri Katuba (Lubumbashi)

Chukua 1940. Tofauti ya milimita 10 za mkanda inagawanywa pande mbili za tandeuri, kwa hiyo mkono wake unasogea kama milimita 5 tu. Yote miwili ingeingia. Ila 1940 iko karibu zaidi na kipimo chako na itaingia bila kulazimishwa. Usiusukume kwenye puli kwa turnavisi (bisibisi). Nyuzi za ndani ya mkanda zinakatika bila kuonekana nje. Achia tandeuri kwa ufunguo mrefu, na uanze kuvalisha vilibreke. Umalizie na puli laini ya pompa, kwa sababu haina mifereji ya kukuzuia.

Mkanda wa 1885 usiurudishe popote hata kama unaonekana mzima. Mbavu zake zimeshaliwa.

Milimita 8 ni kidogo mno. Kipande kutoka vilibreke hadi alternateri sasa ni kirefu, karibu sentimita 40, na mkanda mrefu unapigapiga moteri inapokuwa kwenye mwendo wa chini. Vuta mpira wa radiateri kwa kolye ya bati (kishikizo cha kufungia) na uufunge kwenye chasi, upate angalau milimita 20. Kolye ya plastiki itayeyuka. Washa moteri, tazama kipande hicho kutoka pembeni kwa dakika moja. Kikitikisika zaidi ya unene wa kidole, basi itabidi kuweka gale pale kompresa ilipokuwa, hata kwa supoti ya kuchomelea, na urudi kupima urefu upya.

---

Mama Rulma (Goma)

Kabla ya kuvalisha, safisha mifereji yote kwa mswaki wa nailoni na maji ya sabuni, kisha suuza na kausha. Unga wa mpira ukichanganyika na mchanga wa lava unakuwa kama msasa. Usipake sabuni ya kipande wala mshumaa ili kunyamazisha mkanda. Unanyamaza siku mbili, kisha unateleza zaidi.

Kama utalia tena, tumia chupa ya maji ya kunyunyizia, moteri ikiwa kwenye mwendo wa chini, mikono na nguo mbali. Maji kidogo upande wa mbavu: sauti ikipotea halafu ikarudi, puli hazipo kwenye mstari. Sauti ikizidi, mkanda unateleza, tazama tandeuri. Volti kwenye betri, taa zikiwa zimezimwa, ziwe kati ya 13.8 na 14.4, washa taa kubwa na zisishuke chini ya 13.

Na kwa kuwa moteri ilipata moto, badilisha kifuniko cha radiateri. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na maji yasiyofunikwa huku juu yanachemka karibu nyuzi 95. Kifuniko kizima cha baa 0.9 kinayapandisha hadi karibu 115. Kilichochoka kinakuacha na 95, na kwenye kilima cha Masisi utazifikia haraka. Kama kondensa (radiateri ya klima) bado iko mbele ya radiateri, itoe nayo, mradi gesi imetolewa kwa mashine. Imejaa matope na inazuia upepo bila faida yoyote kwako sasa.

---

Dereva wa Sake (Goma)

1940 umeingia, chini ya pompa. Alama ya tandeuri imekaa katikati. Karatasi inanata kwenye grili. Betri 14.1, na taa kubwa 13.6. Mpira wa radiateri nimeufunga, umbali sasa ni milimita 25 na mkanda hautikisiki sana. Kifuniko cha radiateri na kondensa ni kesho asubuhi.

---

Fundi Kadutu (Bukavu)

Vizuri sana. Baada ya kilomita 200 fungua boneti, moteri ikiwa baridi: tazama alama ya tandeuri tena, kaza bulo za alternateri, na pitisha kidole mgongoni mwa mkanda pale unapogusa pompa. Ukihisi umelainika na kung'aa upande mmoja tu wa upana wake, puli ya pompa haiko kwenye mstari. Rudi kwenye rula.

Kwa wengine watakaosoma hapa: msinakili njia hii kwenye kila gari. Kwenye moteri ya 3S-FE ya Toyota pompa ya maji inaendeshwa na mkanda wa meno wa ndani, kwa hiyo kutoa klima hakuigusi kabisa. Kwenye 1HZ, nayo ya Toyota, mikanda ni ya V, ile ya feni na alternateri iko miwili pamoja, na inabadilishwa yote miwili siku moja, la sivyo mpya unabeba mzigo peke yake. Na asiyependa kulipia pompa ya direksyo asiitoe kwenye mkanda kwa kuziba mipira yake. Mafuta ndani ya kremaye (kifaa cha usukani kinachogeuza magurudumu) yanakosa pa kwenda na usukani unakuwa mzito maradufu. Hapa Bukavu, na kona hizi zetu za mlimani, ningemwomba asiitoe kabisa.